Askari wa Pahali pa Mbegu

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo mchana, mvua ikiwa imetoka tu kukatika. Mama alinipa kigoda akasema nipande niteremshe vitu vyote vya kichanja, maana Jumatatu Baba analeta watu wa kubomoa jiko la Tate. Tate ni mama yake Baba. Kwetu ndivyo tunavyoita bibi. Matanga yake yalikuwa yamekwisha, wageni walikuwa wamerudi kwao, na jiko lake lilibaki peke yake nyuma ya nyumba, moto wake umezimwa.

Nikapanda. Kabla sijashika kitu, moshi wa zamani ukanipiga puani. Haukuwa moshi wa kuni tu. Ndani yake kulikuwa na mahindi makavu, na samaki wa ziwani wa Kasenyi, na kitu kingine chembamba, kikali, kama kamba ya nailoni iliyopitiwa na moto. Nilisimama juu ya kigoda nisiendelee.

"Umeona nyoka?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama."

Ile harufu ya mwisho niliijua. Ilikuwa harufu ya askari wa kuchezea wa yaya, kaka yangu mkubwa.

Ninaandika kwa sababu kusema siwezi. Mpaka leo, niko mwaka wa tano wa sekondari, na mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua vizuri ninaangalia mguu wa meza yangu mpaka amuulize mwingine. Lakini wenzangu wa umri huu labda nao wana kitu cha utotoni walichokisoma vibaya wakakaa nacho hivyo hivyo. Mimi changu kilikuwa kinaning'inia juu ya moto muda huu wote.

Yaya Bahati alianza na udongo. Chini ya mtaa wetu wa Rwambuzi kuna kijito, na pembeni yake udongo mwekundu unaonata, ule wa kufinyangia vyungu. Yaya alifinyanga askari wa urefu wa kidole, kichwa kama punje ya haragi, bunduki ya waya wa breki ya baiskeli. Mimi nilikuwa mdogo sana; kazi yangu ilikuwa kuwatemea mate mgongoni ili atandaze vizuri. Nilijivunia kazi hiyo.

Kisha Baba akaanza kuleta wengine. Baba alikuwa shofa, dereva wa Mgriki mmoja wa kahawa, na mtoto wa huyo patro, bosi wake, alikuwa amekua akaenda Ulaya kusoma. Siku moja Baba akarudi na karton ya sigara imefungwa kwa kamba. "Madamu anasema vinamujazia nyumba tu," akasema. Ndani walikuwa askari wa plastiki, wa kijani na wa kahawia, wengine wamepiga magoti, mmoja anatazama kwa darubini. Toka siku hiyo, karibu kila safari ilikuwa na kitu. Baadaye zikaja maketi: ndege na vifaru vya kuunga mwenyewe, vipande vyote vimeshikana kwenye fremu kama maharagi mabichi kwenye mti wake, na karatasi ya picha yenye lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani. Kole, gundi ya ndani, ilikuwa imekauka zamani. Yaya akatumia solisyon ya fundi wa baiskeli. Rangi nyeusi ilitoka katika mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha, nyekundu ilitoka katika rangi ya kucha ya shangazi, ambaye aliitafuta chupa yake mpaka akachoka.

Kupata haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwatunza wakizidi. Ukiwa na askari watano unawaweka dirishani. Wakijaa chini ya kitanda, juu ya kabati, na ndani ya makopo ya maziwa ya unga, unaanza kuwa mtu mwenye mashaka. Panya walipenda karton. Mchwa walipenda kila kitu. Mvua ilifanya wale wa udongo watoe jasho, wakapoteza pua na masikio, na jua lilipinda wale wa plastiki; Yaya aliacha bunduki moja juani asubuhi, saa sita ilikuwa imeinama kama mdomo wa kuku mgonjwa. Toka pale akajua. Wakati wa kiangazi aliwaanika wote kivulini kwenye baraza, kama watu wanavyoanika mihogo, akawapangusa mmoja mmoja kwa unyoya. Wa udongo aliwalaza katika majivu. Wa plastiki aliwafunga kwa majani makavu ya ndizi. Ndege alizitundika kwa uzi. Tena akaweka sheria: hakuna askari mpya anayeingia kabla ya kupatiwa pahali pake.

"Hakuna kuingiza mutu asiye na kitanda," alikuwa anamwambia Baba, na Baba anacheka mlangoni na karton mkononi.

Mama hakucheka sana. "Siku moja watatuambia siye tutoke," alisema. "Kambi yao imejaa, watahitaji na jiko."

Wale aliowapenda zaidi, wa udongo na wa plastiki pamoja, walikaa kwenye ubao wa dirisha la chumba chetu. Na hapo ndipo Tate anapoingia.

Tate na mimi tulikuwa na jina moja. Nilipewa lake nilipozaliwa, kwa hiyo hatukuitana bibi na mjukuu. Tuliitana ndoyi, yaani mtu wa jina langu. "Ndoyi, leta maji." "Ndoyi, nimeleta." Jioni nilikaa kwenye moto wake, mgongo kwenye goti lake, na kwa sababu hakuna aliyenilazimisha kusema, nilisema. Mama alishangaa. "Huyu mutoto kumbe ana mudomo," alikuwa anasema akipita na sahani.

Juu ya moto ule kulikuwa na kichanja cha miti, cheusi, kinang'aa masizi. Pale Tate aliweka mbegu zake. Alichagua mahindi kwa kidole zaidi kuliko kwa jicho, maana macho yake yalikuwa yameanza kufunga, akayapanga katikati kabisa, pale moshi unapopita taratibu na vidudu haviwezi kukaa. Wanawake walitoka mbali, hata Marabo, kuja kumwomba mbegu. Kitu kingine hakikuruhusiwa katikati ya kichanja. Hata samaki wa Baba walitundikwa pembeni, na Baba hakubisha.

Basi kila jioni Tate aliingia chumbani kwetu kufunga dirisha. Akishafunga, aliinama kwenye ule ubao, akawageuza askari wote, mmoja mmoja, mpaka wanaangalia mbao za dirisha. Siye tuliwapanga wanaangalia vitanda vyetu, ili tulale tukiwaona. Asubuhi tunawageuza. Jioni anawageuza tena.

Shuleni, metrese wetu alikuwa anampeleka mtoto mkorofi ukutani, uso kwa ukuta, mpaka kengele ilie. Mimi sikuwa na mfano mwingine wa mtu kugeuzwa uso ukutani.

"Yaya," nikasema siku moja, "Tate amewapa azabu tena."

"Ndoyi yako hapendi askari," Yaya akajibu. "Wakati ya uasi walikula mbuzi yake yote. Baba njo alisema."

"Lakini hawa hawakula kitu."

"Kamuelezee."

Sikumwelezea. Nilikaa kwenye goti lake kila jioni, nikamsimulia mambo ya shule, na la askari nikalipita. Ndiyo ajabu ya mtu mwenye haya: hata pale anaposema, kuna mlango mmoja anaufunga.

Kisha Yaya akaenda interna, shule ya misheni ya mbali ambako wanafunzi wanalala hukohuko. Siku ya kuondoka alinionyesha kila kopo na kila uzi. "Weye njo shefu sasa," akasema. "Mutu asiguse. Zaidi Tate, asiguse." Mbele ya Tate pia alilisema, kwa adabu kidogo: "Tate, tafadhali, askari uniachie." Tate akaitika. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Habari ya ile bunduki iliyoinama juani, hakuna aliyempa. Ninarudia hilo mara nyingi kichwani: tulimwambia asiguse, basi.

Mvua za mwaka ule hazikuwa na huruma. Bati la chumba chetu likapata tundu. Wale wa udongo wakaanza kuwa na nywele nyeupe za kuvu. Niliinua karton ya vifaru, chini yake ikabaki sakafuni. Mchwa walikuwa wameila mpaka kwenye picha. Mimi nilikuwa na umri wa kung'oa meno. Shefu hakujua la kufanya, akaenda kwenye moto wa ndoyi yake.

"Ndoyi, vitu vya yaya vinaoza."

"Vinaoza namna gani?"

"Vinaota kuvu. Na mchwa wamekula karton."

Alikuwa anageuza hindi kwenye makaa. Aliligeuza pande zote kabla ya kujibu. "Bahati alisema mutu asiguse."

"Ndiyo."

"Lakini kitu ya mutu mwenye iko mbali," akasema, "itafia mu mikono yetu?"

Nilidhani anasema tu. Kesho yake Mama alinichukua Marabo, dada yake alikuwa amejifungua, tukakaa kule mpaka mtoto akapewa jina.

Tuliporudi Tate alikuwa shambani. Ubao wa dirishani ulikuwa mtupu. Makopo yalikuwa matupu. Nyuzi za ndege zilining'inia bila kitu. Nikakimbia jikoni, nikapanda juu ya kinu, nikaona. Walikuwa wamepangwa katikati ya kichanja, safu kwa safu, kwa uangalifu. Wa udongo walikuwa wamekauka, wekundu-weusi, wagumu kama tofali. Wa plastiki walikuwa wameanguka. Wengine walikuwa wamezama magotini, mwenye darubini alikuwa ameweka uso miguuni, na mabawa ya ndege yalikuwa yameshuka pande zote mbili kama ya kuku aliyenyeshewa. Kutoka juu ilikuja ile harufu.

Niliona kitu kingine pia, sikukipa maana. Chini, kwenye kona ya jiko, karibu na ukuta wenye unyevu, kulikuwa na kikapu cha Tate cha mbegu. Nilikiruka nikatoka.

Sikulia mbele ya mtu. Jioni ile sikwenda kwenye moto wake. Akaita, "Ndoyi," nikajibu kutoka chumbani kwamba kichwa kinaniuma. Akaniletea hindi la kuchoma mlangoni. Nililiacha likapoa.

Yaya alikuja kwa likizo. Alisimama chini ya kichanja muda mrefu, mikono kichwani, koti la shule bado mwilini.

"Ni yeye," akaniambia. "Alikuwa anawageuza kila jioni. Weye uliona."

"Niliona," nikasema. Ilikuwa kweli, niliona.

Tate alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anasikia. Akasema polepole, "Bahati, niliwaweka pahali ya mbegu."

"Nimeona pahali uliwaweka, Tate," Yaya akajibu, na sauti ile mimi sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mtu mkubwa. Aliwateremsha. Wa udongo akawafungia katika sanduku la chuma. Wa plastiki na ndege zake, kazi ya miaka, akawatupa katika shimo la takataka nyuma ya choo, akarudi akanawa mikono. Baba alipokuja na karton nyingine baada ya hapo, Yaya alimwambia ampe mtoto wa jirani.

Hakuna aliyegombana. Labda ingekuwa vizuri tungegombana. Yaya aliendelea kumsalimia Tate, na mimi niliendelea kumletea maji. Ila niliacha kumwita ndoyi. Nilianza kusema Tate, kama watoto wengine wote wa kwetu. Mara ya kwanza alinyanyua uso, akanitafuta na yale macho yake, kisha akapokea kikombe. Yeye hakubadilisha. Mpaka mwisho, hata kitandani, alisema "Ndoyi, leta maji," na mimi nikajibu, "Nimeleta, Tate."

Msimu ule ule nilimwona akitoka asubuhi na kikapu kitupu, fimbo mkononi, anakwenda barabara ya Marabo. Alirudi jua linazama, kikapu kina mahindi kidogo, ya kila rangi, ya kuchanganya. Nikafikiri: amezeeka, anasahau hata kuweka mbegu zake.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Nilisukuma mkono mpaka mwisho wa kichanja, mbali na pale moto ulipokuwa, ndani kabisa chini ya paa, nikashika kopo. Nikaliteremsha. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, mdomo umefungwa kwa maganda ya mahindi. Nikafungua. Walikuwa wao. Wale wa plastiki wa kwenye shimo, mmoja mmoja amevingirishwa ganda lake, wameoshwa. Mwenye darubini bado uso miguuni. Bawa moja la ndege, limekunjwa kama jani. Na katikati yao hindi moja, zuri, punje zimepangana bila pengo.

Mama alichukua kopo akaangalia, akaketi kwenye kigoda cha Tate.

"Kumbe aliwatoa mu shimo," akasema. "Na yale macho yake."

"Mama, aliwachukia."

"Nani?"

"Tate. Askari. Kila jioni aliwageuza uso ukutani."

Mama alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha nyingine. "Aliwageuza kwa dirisha," akasema. "Alinielezea miye mara nyingi. Wakati ya uasi, watu walikuja kusema wanamulinda. Walisimama mu kiwanja wanaangalia nyumba. Akasema mulinzi mwenye anaangalia inje, uko na amani. Mwenye anaangalia ndani, anachagua kitu atabeba. Sasa watoto wake walipanga askari wanaangalia vitanda. Angewaacha hivyo mulale?"

Nikauliza la kikapu cha mbegu kilichokaa kwenye kona.

"Aliteremusha mbegu ili askari wapate nafasi. Pale kati hapakuwa pahali ya kuchezea. Mbegu ikakaa chini, ikapata vidudu yote. Akaenda kuomba kwa wale walikuwa wanakuja kumwomba. Alisikia haya sana."

"Juu ya nini hukutuambia?"

"Alinikataza. Alisema mutoto akikasirika, umuache, atarudi yeye mwenyewe." Mama akafuta kopo kwa kitenge chake ingawa halikuwa na vumbi. "Tena alisema, ndoyi yake anakuja kila siku na maji, kwa hiyo hayuko mbali."

Nilitoka nje. Yaya Bahati, ambaye sasa ni fundi wa magari Kisangani na alikuja kwa matanga, alikuwa chini ya gari la Baba. Nikaweka kopo karibu na mkono wake. Akatoka akiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko, akamshika yule mwenye darubini, akajaribu kumnyoosha shingo, taratibu, kama zamani.

"Plastiki haijui moshi," akasema. "Ningemwambia neno moja tu." Akamgeuza kiganjani. "Udongo ilitoka vizuri, eh? Hakuna hata mumoja alivunjika mpaka leo." Nikamweleza yote Mama aliyosema. Yeye akamrudisha yule mwenye darubini kwenye kopo, akaingia tena chini ya gari.

Asubuhi yake, Jumapili, niliamka kabla ya kengele ya misa. Nikafungua lile sanduku la chuma nikatoa wa udongo, nikatoa na waliopinda wa kwenye kopo, nikawapanga wote pamoja kwenye ubao wa dirisha, wale wasioweza kusimama wakiegemea wenzao. Nikafungua dirisha. Nikawageuza, mmoja mmoja, mpaka wote wakanipa mgongo.

Yaya alikuwa anapita kiwanjani na beseni la kunawia. Akasimama mbele yao.

"Wanaangalia nini, hawa?"

"Inje," nikasema. "Ndoyi alisema mulinzi anaangalia inje."

Lilitoka bila kukwama, lile neno. Yaya aligeuka akatazama mlango wa jiko, na mimi nikatazama, kama vile mtu wa kuitika bado alikuwa mle ndani.